Meno Meupe ya Binti Yangu

Kabla sijamwonea wifi yangu wivu kwa sababu ya mtoto, nilimwonea kwa sababu ya meno.

Siku ya harusi yangu aliteremka kutoka Kuresoi pamoja na jamaa wengine wa mume wangu, akanikumbatia, akacheka mdomo wote. Meno yake yalikuwa meupe pe, yamejipanga vizuri, na alikuwa mtu wa kucheka hovyo kwa kuwa hakuwa na cha kuficha. Mimi nilizaliwa kwenye shamba la mkonge nje ya Nakuru, baba alikuwa kibarua pale, na maji tuliyokunywa yalivutwa na mashine ya upepo kutoka chini sana ardhini. Meno yangu yalitoka ya kahawia, yana michirizi kama chuma kilichoshika kutu. Watoto wote wa shamba lile walikuwa hivyo, kwa hiyo sikujua kuwa nina kasoro mpaka nilipoanza kukutana na watu wa kwingine. Nikajifunza kucheka nikiwa nimeweka kiganja mdomoni. Katika harusi yangu mwenyewe nilicheka hivyo kutwa nzima, na wifi akaniuliza, bila ubaya wowote, kama jino linaniuma.

Mume wangu alifanya kazi ya kuunganisha mabehewa kwenye reli, tukapewa chumba kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Yeye naye alikulia Kuresoi na meno yake yalikuwa kama ya dada yake. Mimi nikapata kazi ya usafi kwa daktari wa meno, Mhindi mmoja mpole aliyekuwa na chumba juu ya duka la vitambaa. Nilipiga deki, nikachemsha vyombo vyake, nikafua mataulo. Nilipoanza, mashine yake ya kutoboa meno ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, na wagonjwa walilia mpaka wanunuzi wa vitambaa chini wakatazama dari. Halafu akaleta ya umeme. Halafu ikaja dawa mpya ya ganzi, akidunga ufizi mara moja tu mtu anapigwapigwa shavu na hasikii. Meno ya bandia nayo yalibadilika. Ya zamani yalikuwa na ufizi wa mpira mweusimweusi, haya mapya yalikuwa ya plastiki ya rangi ya waridi, na nilipoyapangusa vumbi pale kabatini niliyaonea wivu hata hayo.

Daktari mwenyewe hakuwa na raha. Alikuwa akipokea majarida ya wenzake kutoka Uingereza, na kila likifika alisoma akitikisa kichwa. Siku moja alinionyesha picha ya mashine ya kutoboa meno inayozungushwa kwa upepo, kasi yake haina mfano.

"Mwenzangu mmoja Nairobi ameshaagiza yake," alisema. Alilifunga lile jarida kwa kishindo. Nikamwelewa kabisa.

Ni yeye aliyenieleza habari ya meno yangu. Mzungu mmoja mtafiti alikuwa amepita ofisini na sanduku la chupa, akachota maji ya visima, ya bomba na ya ziwani, akaenda nayo. Baada ya Mzungu kuondoka nilimuuliza daktari anatafuta nini ndani ya maji.

"Anatafuta kilichokupaka rangi wewe," alisema. "Ni kama chumvi, jina lake floridi. Inatoka kwenye miamba ya bonde hili. Ikizidi inaharibu ganda la jino, lakini inaharibu jino likiwa bado chini ya ufizi, linatengenezwa. Likishatoka, limetoka. Na unajua jambo la ajabu, mama? Huko Amerika wanaitia wenyewe kwenye maji ya mji, kidogo tu, ili meno ya watoto yasioze."

Nilisimama na kitambaa cha deki mkononi. Wenzetu wanaitia kwa makusudi na mimi nilinyweshwa bila kuulizwa.

"Na mtoto mdogo?" nikauliza. Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa ameacha ziwa.

"Meno yake ya ukubwani yanatengenezwa sasa hivi. Mpaka afike miaka saba, minane. Ningekuwa na mtoto wa umri huo ningempeleka huko juu, Molo, Kuresoi, wanakokunywa maji ya vijito."

Alisema tu, kisha akarudi kwenye jarida lake. Lakini mimi nilikwenda nyumbani nikamtazama mtoto mdomoni, kwenye yale meno ya utotoni machache, nikamwona msichana mkubwa aliyeweka kiganja mdomoni siku ya harusi yake.

Kwa hiyo aliyesema kwanza kwamba mtoto apelekwe Kuresoi ni mimi, hakuna aliyenilazimisha. Nilimwambia mume wangu, naye akafurahi haraka mno. Dada yake hakujaliwa mtoto, mume wake alikuwa mnyapara kwenye shamba la pareto, nyumba ilikuwa na maziwa na kimya kingi. Tulipanda gari la moshi mpaka Molo, kisha lori la pareto. Wifi alikuwa anatungoja barabarani. Sikuwa nimemaliza kikombe cha chai alipomwinua mtoto na kumfunga mgongoni, akaenda naye kumwonyesha ndama. Mtoto hakugeuka kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake, nilikuwa hata na maneno ya kumtuliza, na sikupata pa kuyatumia.

Niliporudi kumtembelea mara ya kwanza alikuwa amenenepa. Mara ya pili alikuwa anaongea, tena lugha ya kwao baba yake, ambayo mimi naifahamu kwa kuokotaokota. Alimwita wifi "mama". Wifi alimrekebisha mbele yangu, "Mimi ni shangazi, mama yako huyu," na mtoto akanitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeleta peremende, ambaye kweli ndiye niliyekuwa. Nilimwomba afungue mdomo. Meno yalikuwa safi, meupe, mazuri kupita kiasi. Jirani mmoja aliyekuwa pale akacheka, "Ana meno ya shangazi yake kabisa!"

Sikulala vizuri kwa majuma kadhaa kwa ajili ya sentensi ile. Nilikuwa nikichemsha vyombo vya daktari huku nabishana na wifi kichwani. Nilimlaumu kwa maziwa aliyompa mtoto na kwa nywele alizomnyoa bila kuniuliza. Nilimlaumu kwa shanga alizomvalisha kiunoni. Mume wangu akisema neno zuri juu ya dada yake niliinuka nikaenda nje kuanua nguo hata kama bado mbichi. Na jambo baya zaidi ni kwamba hapakuwa na kosa hata moja la kumshika nalo. Nililitafuta kwa bidii.

Lilikuja lenyewe. Dereva wa lori la pareto alileta habari kwamba mtoto amevimba shavu, halali, na kesho yake wifi mwenyewe akashuka stesheni akiwa naye mgongoni, amemfunga kitambaa kichwani. Nilikwenda nao moja kwa moja kwa daktari. Alimchungulia, akaambiwa mtoto anakaa Kuresoi, akauliza anakula nini.

"Maziwa, ugali, viazi," wifi alisema. Kisha, sauti ikashuka, "Na sukari guru. Anaipenda. Namtilia kwenye maziwa."

Gego la utotoni lilikuwa limeoza mpaka ndani. Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi. Kisha nikaliona lile shavu.

"Maji ya kule hayana kitu," daktari alisema. "Hayapaki rangi, lakini hayalindi jino pia. Mtoto wa huko anataka kupigwa mswaki, na sukari ipunguzwe. Basi, tuling'oe. Mama yake akae kitini, ampakate."

Nilifuta mikono, nikakaa kwenye kile kiti nilichokipangusa kila siku bila kukikalia, nikamchukua binti yangu mapajani. Alipoona sindano alijipinda, akanisukuma kifua kwa viwiko, akanyoosha mikono upande wa pili.

"Mama! Mama!"

Daktari alinitazama, akamtazama wifi.

"Mama yake hapa ni nani?"

"Mimi," nilisema.

"Ni huyu," wifi alisema wakati uleule, akininyooshea mimi kidole.

Hata hilo liliniuma. Mimi nilikuwa nadai, na yeye alikuwa na kingi kiasi cha kugawa.

"Basi akae yule anayeweza kumtuliza," daktari alisema, kwa upole, lakini alisema.

Niliinuka. Wifi akakaa, mtoto akajilaza kifuani pake, akafungua mdomo. Ganzi ile mpya ilifanya kazi yake, gego likatoka kabla hajajua. Mimi nilishika beseni.

Baadaye, wifi alipokuwa nje anamnunulia mtoto uji, nilimwambia daktari kwamba nataka kumrudisha binti yangu nyumbani ila naogopa maji.

"Mpe ya mvua," alisema huku ananawa mikono. "Weka pipa chini ya paa. Ya mvua hayana floridi hata chembe."

Nilifikiri sikusikia vizuri. "Ya mvua? Tangu wakati ule ningeweza kumpa ya mvua?"

"Ungeweza."

"Mbona hukuniambia?"

Alifunga bomba. "Sikujua kuwa ulimpeleka, mama. Hukuniambia."

Ilikuwa kweli. Wakati ule niliomba ruhusa ya siku mbili, nikasema nakwenda kuona jamaa.

Jioni ile, nyumbani, nilimwambia wifi kwamba mtoto anabaki. Mume wangu alikuwa kazini, na nilichagua makusudi saa hiyo.

"Wifi, meno ya ukubwani bado hayajatoka," alisema. "Ngoja kidogo. Hata mwaka mmoja."

"Meno yatatoka hapa. Nitaweka pipa."

"Kiangazi kikija?"

"Kikija nitajua."

Alitazama mikono yake. Nilitaka agombe, anitukane, anipe sababu. Aliomba tu kumwogesha mtoto kwa mara ya mwisho, akamwogesha uani, taratibu, akimwimbia, mimi nikiwa mlangoni nimeshika taulo. Asubuhi akapanda gari la moshi peke yake. Binti yangu alilia majuma mengi. Alinikatalia chakula, alimkatalia baba yake, alikwenda kukaa kwenye kona ya landhi inayotazama reli. Majirani waliniambia atazoea. Kwa kweli alizoea, lakini kwa muda mrefu alikuwa ananipigia hesabu: mama wa Kuresoi hupika hivi, mama wa Kuresoi husuka vile. Nilijibu, "Haya," nikasaga meno yangu ya kahawia.

Pipa alilileta mume wangu, la mafuta, alilichoma ndani na kulisugua kwa mchanga. Tuliweka bati la kukingia maji ya paa. Mvua zilipokuwa nzuri nilijiona malkia. Kisha kiangazi kikaja kama wifi alivyosema, pipa likabaki na tope na viluwiluwi, nikaanza kumpimia mtoto maji kwa kikombe huku sisi tukinywa ya bomba.

Ndipo siku moja karani wa stesheni akamwambia mume wangu kwamba dada yake yuko pale na askari hawamwachi. Zilikuwa siku za hali ya hatari, mizigo yote ilifunguliwa. Nilikwenda mwenyewe. Wifi alikuwa amesimama na madebe mawili yaliyofunikwa majani ya mgomba na kufungwa kamba. Askari hakuamini kwamba mtu anaweza kusafirisha maji kutoka Kuresoi.

"Kunywa wewe kwanza," alimwambia. Wifi akakinga kiganja, akanywa, akajipangusa mdomo na kumtabasamia kwa yale meno yake. Askari akacheka, akamruhusu.

Alikuwa ameyachota alfajiri, akayabeba mpaka kwenye lori, akayapakia kwenye gari la moshi. Tulibeba debe moja moja mpaka nyumbani bila kusema mengi. Mtoto alipomwona alipiga kelele ambayo sijawahi kupigiwa mimi. Akanywa vikombe viwili mfululizo, akasema maji ya Nakuru yana ladha ya msumari. Nilitamani kuyamwaga yale madebe. Niliyafunika vizuri, nikayaweka mahali penye baridi, nikampikia mgeni wali.

Alikuja hivyo kiangazi chote, na kingine baadaye. Kila nilipomwona anashuka behewani akiwa ameinama upande mmoja kwa uzito, wivu ulipanda kwanza, kisha nikaenda kumpokea debe. Sijui kama huo ni upendo. Mikono yangu ilimpokea.

Meno ya mbele ya mtoto yalianguka, yakatoka mapya. Nilimpeleka kwa daktari. Siku hizo alikuwa amepata ile mashine ya upepo ya kutoboa meno, akawa mtu mwenye furaha anayepiga mluzi. Alimzungusha mtoto kichwa kwenye taa, akagonga jino moja moja.

"Hakuna doa," alisema. "Na hakuna tundu. Hongera, mama."

Nilibeba ile hongera mpaka nyumbani kama yai. Wifi alikuwa amefika asubuhi ile na maji yake, ameketi uani anamenya viazi. Mtoto alimkimbilia na kumfungulia mdomo bila kuambiwa. Wifi alimwinua kidevu, akamtazama kwa muda, halafu akanitazama mimi juu ya kichwa cha mtoto.

"Tumeweza, wifi," alisema.

Nilikuwa nimetaka, kwa miaka yote ile, mtu mmoja aseme "umeweza". Ile "tu" ilinichoma. Nilikwenda jikoni, nikawasha moto, nikateleka sufuria ya chai, nikatafuta vikombe ambavyo vilikuwa mbele ya macho yangu. Niliporudi uani mtoto alikuwa amekaa chini katikati ya maganda ya viazi, na wifi alikuwa bado ananingoja nimjibu.

"Tumeweza," nilisema, nikampa chai yake.