Gari ya Harufu ya Stroberi

Mimi nikisikia harufu ya stroberi natema mate. Tunda lenyewe sijawahi kulila. Harufu yake naijua kutoka kwenye kile kidude kinachoning'inizwa kwenye kioo cha gari, na hiyo gari nusura niinunue.

Nilikuwa dereva wa miezi miwili. Leseni ninayo, ila nikitakiwa kurudi nyuma naomba abiria wote washuke kwanza. Haraka yangu ilikuwa mama. Kila mwezi anashuka mjini kliniki ya sukari, na kwetu ni juu kule, ukishapita Kiboriloni ni kupanda tu. Mwezi uliopita pikipiki iliteleza kwenye tope, akaanguka na gauni lake la kanisani. Hakuvunjika. Ila alikaa kliniki na lile tope mpaka likamkaukia mwilini, na aliporudi akasema, "Pikipiki sipandi tena. Sukari ikitaka kuniua, itanikuta hapa hapa na ng'ombe wangu."

Nikampigia dalali mmoja wa magari. Nilisoma naye hadi kidato cha pili, mahali ambapo mimi na shule tuliachana kwa amani. Yeye aliendelea, ndiyo maana anadanganya kwa ufasaha.

Akanipeleka mtaa wa Soweto, hapo mjini, kwenye ua wa nyumba moja. Gari ndogo, hizi tunazoita bebi-woka, nyekundu, inang'aa kama imepakwa mafuta ya kupikia. Viti vimevalishwa nailoni.

"Mangi, hii ilikuwa ya mama mmoja wa ofisini. Nyumbani, kazini, Jumapili kanisani, basi. Hata kukanyaga mafuta hajui."

Nikaingia. Stroberi ikanipiga usoni. Chini yake kulikuwa na kitu kingine, kama soksi za darasa zima.

"Mbona kama kuna kitu kinanuka?"

"Upya huo, mangi."

Gari ya miaka kumi na tano, upya! Na mimi mtu mzima nikakubali, kwa sababu nilishajiona kwenye kioo, kiwiko kiko dirishani. Angeniambia kuna maiti kwenye buti, ningeuliza tu inashukia wapi.

Nilifanya kitu kimoja cha akili, na hata hicho kilikuwa woga: nikasema silipi mpaka ipande mlima wa kwetu na mama aikalie.

Siku ya kliniki tukapanda asubuhi, dalali anaendesha, vioo vimefungwa ili nione kiyoyozi kinavyofanya kazi. Hakikufanya. Tulipofika Kiboriloni stroberi ilikuwa imeshashindwa, na kile kitu cha chini kimenikaa kooni. Mlima gari ilipanda vizuri, nisiseme uongo.

Mama alikuwa anatusubiri pembeni ya migomba, na gauni lile lile, limefuliwa.

"Shikamoo mama!" dalali akachangamka.

"Marahaba, mwanangu." Akafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa, akakitoa haraka. "Humu maziwa yalimwagika."

"Maziwa gani, mama? Gari ya ofisini hii."

"Mwanangu, mimi nakamua ng'ombe tangu baba yako hajaota ndevu. Inua hiyo kapeti."

Dalali akacheka, akajifanya anaangalia simu. Nikainua mimi. Bora nisingeinua. Sponji ya chini ilikuwa ya njano, laini kama uji uliolala, na ilikuwa inatembea. Funza! Weupe, wanene, wanajinyonganyonga kwa raha kama wamelipa nauli. Mmoja akanipanda kidoleni. Nikakimbilia mgombani, nikatapika chai yote na heshima niliyobaki nayo.

Na hapo sikuwa nimeona kinyaa chenyewe. Yule jamaa alikwenda kwenye uzio, akachuma jani la sale. Kwetu mtu akikuletea jani hilo humnyimi msamaha. Watu wamesameheana damu kwa sale. Yeye akalifunga fundo, akapiga goti mbele ya mama yangu, kwa ajili ya gari yenye funza.

"Mama, nisamehe. Ilikuwa ya muuza maziwa, dumu lilipasuka. Ni njaa tu."

Kumbe alijua! Alijua, na alitaka kumkalisha mama yangu humo kila mwezi. Nilitamani kulipiga lile jani teke. Mama akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe."

Jamaa akasimama, akapangusa goti, akanigeukia. "Basi mangi, nikupunguzie laki mbili tumalize?"

Nikatema mate.

"Gari hatununui," mama akasema. "Nimekusamehe, sijawa mjinga. Lakini kliniki ni leo. Ng'oa hizo kapeti, hao wadudu wape kuku, utushushe."

Akang'oa, hivyo hivyo na shati lake jeupe. Kuku walikuja mbio, na kuwatazama wakila kulinirudisha mgombani. Mama akatandika majani ya migomba kwenye kiti cha mbele, akakaa, akafungua kioo. Mimi nikakaa nyuma, miguu juu kama mfalme, nikijichukia. Pua yangu iliniambia ukweli tangu kule Soweto, nikaizimisha kwa ajili ya rangi nyekundu.

Tuliwahi foleni, mama akapimwa. Dalali alisubiri nje. Hakuthubutu kuondoka kabla ya kumrudisha. Nami nikasubiri hapo hapo, mbali naye, upande ambao upepo ulikuwa unatokea.