Shikamoo Kutoka Ukutani

Mamangu alikuja Woodbridge, huku Marekani, kunilea arobaini. Kwetu Mombasa mzazi haachwi peke yake: hukandwa maji moto, hufungwa tumbo, hufukizwa udi, na mwenye kazi hiyo ni mamake. Mimi nilikuwa na mshono wa upasuaji na mtoto asiyejua usiku wala mchana. Mama akiondoka, nimekwisha.

Mume wangu hufanya kazi Rockville, na kila kitu nyumbani amekiunga na simu yake: taa, kitasa, hata gari hujua kama mlango wa jikoni uko wazi. Mtoto alipozaliwa akaongeza kamera yenye kipaza sauti, ukutani chumbani mwetu, juu ya kitanda cha mtoto. Nilimuuliza kama tunalinda mtoto au benki, akacheka. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mama. Tulishaizoea, kama taa.

Asubuhi moja mama ananikanda, kajifunga leso kifuani, kichwa wazi, jasho linamtiririka. Mimi nilivyokuwa, Mungu ndiye ajuaye. Mume wangu yuko kwenye foleni, magari yamesimama, akafungua simu amwone mtoto, akatuona sisi. Mwenye akili angeifunga akanyamaza. Lakini huyu kalelewa na bibi yake Tanga, hawezi kumwona mkubwa asimwamkie. Ukuta ukasema, kwa adabu zote: "Shikamoo, mama."

Bakuli likamponyoka, maji yakatapakaa kitandani.

Nilipomweleza ni nini, mama hakumlaumu mkwewe. Yule ni mwanangu, alisema. Kisha akauliza: "Na wenye kampuni je? Nao wananiona?"

Mume wangu aliwapigia. Akapokewa na huyu, akapelekwa kwa yule, kila mmoja akimwambia faragha yake wanaithamini sana. Swali la ndiyo au la! Nilitamani niinyakue ile simu. Mwisho wake hawakusema ndiyo, wala hawakusema la.

Kesho yake mama akatoka chumbani na buibui. Ndani ya nyumba! Akanikanda kalivaa, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Nyimbo za kumbembeleza mtoto zikakoma. Siku ya pili yake akaanza kuulizia ndege za kurudi.

Mume wangu akasema kamera ni usalama wa mtoto. Nikamwambia usalama wa mtoto ndio huyo anayeulizia ndege, basi achague. Akaing'oa huku kanuna. Jioni hiyo buibui likarudi msumarini, na mama akaimba mpaka mtoto akalala. Arobaini ikatimia.

Alipokwenda zake, kamera ikarudi. Sasa nilikuwa peke yangu na mtoto, na mume wangu alikuwa na hofu, sikuwa na nguvu za kubishana naye tena.

Mchana mmoja nanyonyesha, akapiga simu kutoka kazini. Aliniuliza kwa nini nimejitanda hivyo, kuna wageni?

Nikajitazama. Leso nimeivuta kichwani, nimeishusha mpaka kifuani, nimemfunika mtoto na ziwa pamoja. Chumbani kwangu, mlango umefungwa. Sikumbuki nilianza lini kufanya vile.

"Wapo," nikamwambia. "Wala siwajui."

Jioni aliporudi hata viatu hakuvua, akapitia kabatini kuchukua bisibisi.