Gari Lililokohoa Siku za Safari

Miaka ya sitini, gari kuukuu nililorithi kwa marehemu baba lilikaribia kunitia wazimu. Kila nikiwa na safari, lilitoka nyumbani kwetu Kibokoni likikohoa, na likifika barabara ya Ndia Kuu linakata nguvu, watu barazani wananitazama kama mwizi wa kuku. Nikilipeleka kwa fundi wa magari kule Majengo, languruma kama jipya! Fundi akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, mwisho akaniuliza kama mimi mwenyewe ni mzima.

Asubuhi moja nilikuwa napeleka posa ya ndugu yangu. Kama kawaida nilifungua boneti, nikatia maji, nikaingia ndani kuvaa kanzu. Kuchungulia dirishani, namwona mama, mrashi mkononi, ainyunyizia injini marashi huku akisoma dua, kama anavyowanyunyizia wageni wa maulidi.

Nilitoka mbio. Kifuniko cha distributa, inayogawa moto kwa plagi, kilikuwa kimelowa chapachapa, chanukia waridi.

“Mama! Kumbe ni wewe!”

“Safari zako zote nakuombea, mwanangu,” akajibu. “Majengo kwa fundi nako ni safari ya kuombewa?”

Nikafuta kwa kitambaa hadi pakakauka, nikapiga stata. Injini ikawaka papo hapo, haikukohoa hata kidogo. Nikamgeukia, nikidhani sasa ameelewa.

Akainua macho juu. “Alhamdulillahi, dua imejibiwa,” akasema, na kwa shukrani akainyunyizia tena.