Badria Hazibi Tundu

Pale mtaa wa Gerezani, kwenye safu ya mafundi bati, ukimuulizia Badria binti Uledi watu watakukodolea macho. Muulizie Mama Matundu, utapelekwa hadi mlangoni. Jina hilo wenzake walimpa kwa kejeli, maana huyu mama akikutengenezea bomba la moshi haondoki mpaka akutobolee na ukuta. Miaka ishirini na mbili anakata bati, na kunyamaza hajajifunza.

Jumanne moja aliitwa Upanga, ghorofa ya tatu, kwa Bi Zulekha. Ndani kulikuwa na mzazi: bintiye Husna, siku ya kumi na mbili tangu ajifungue, amerudi kwao kulelewa hadi arubaini. Kwa ajili ya maji ya kumkanda, Bi Zulekha alikuwa amenunua hita ya gesi. Fundi mmoja akaitundika bafuni bila bomba la moshi, akaenda zake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nikatie bati nizibe haya matofali ya matundu. Nimeyasokomeza kanga, lakini upepo unapita tu, na mzazi akipigwa na baridi ndiyo basi tena."

Husna, aliyekuwa kitandani na mtoto, akasema kichwa kinamgonga kila akitoka kuoga. Jana ilibidi ashike ukuta asianguke.

"Uzazi huo," mama yake akamkata. "Damu bado changa."

Badria akachungulia bafuni, akaiona hita. "Bi, mimi kuziba sizibi. Na hita hii leo haiwashwi tena. Una chetezo?"

"Unataka kuifukiza? Kwani ina pepo?"

"Inaye. Lete na udi."

Wakaingia bafuni wawili, hita imezimwa, mlango ukafungwa. Mwanzoni udi ulinukia vizuri, Bi Zulekha akawa anacheka. Kisha moshi ukatanda darini, ukashuka hadi usoni. Bi akakohoa, machozi yakamtoka, akapapasa kitasa.

"Huu unauona, ndiyo maana unaukimbia," Badria akamwambia. "Moto wa gesi ukikosa hewa unatoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Mwanao anaivuta kila anapokandwa."

 Bi Zulekha akaanza kuzichomoa zile kanga ukutani kwa mikono yake, huku analia, na safari hii haukuwa moshi. Mchana uleule Husna akapelekwa hospitali yeye na mtoto, wakapimwa, yeye akatibiwa, wakarudi salama.

Badria angeweza kujizuia kusema "si nilikwambia?" Hakujizuia. Alisema mara mbili, ndipo akashika kazi. Elibariki, fundi wa gesi, akaihamishia hita na mtungi wake kwenye kibaraza cha kufulia, maji ya moto yakapitishwa kwa bomba hadi bafuni. Kibaraza kilikuwa kimezungushiwa vioo, basi Badria akatoa viwili na kuweka mabati yenye matundu: moja chini, kwa kuwa gesi ikivuja hulala sakafuni, jingine juu. Bomba la moshi akalipandisha wima hadi nje, akalivika kofia ya kuzuia mvua. Mzazi akabaki na maji yake ya moto, na moto ukapata hewa yake.

Siku ya arubaini Badria alialikwa. Alimkuta Bi Zulekha kibarazani na mavazi ya shughuli, ameshika chetezo chini ya bomba. Moshi wa udi ulivutwa juu moja kwa moja, ukapotea. Bi akautazama mpaka aliporidhika, ndipo akaita, "Husna, ingia ukaoge, mwanangu!"

"Nani kakwambia ufanye hivyo?" Badria akauliza.

"Hakuna. Nafanya kila siku. Sifungui maji mpaka nione moshi umekwenda."

Badria alijaa fahari. Alimpokea mtoto ili Husna akaoge, akasimama naye akiangalia viungio vya bati alivyovikunja mwenyewe. Mgeni mmoja akapita na sinia la biriani, wala hakuwa ameuliza kitu.

"Bomba langu hilo," Mama Matundu akamwambia.