Mara ya Tatu

Jirani yetu mzee hapa mtaani St Marys hufuatilia jigi moja tu, muziki wa kuchezea dansi wa kwao Ayalandi. Husikiliza rekodi za zamani na kuzilinganisha na vitabu vya noti za muziki, penseli mkononi. Binti yangu Nsimire hujifunza fidla kwake. Mimi hukaa karibu na mlango, viatu miguuni kama mgeni wa kupita, maana simjui vizuri. Jana walisikiliza rekodi ya marehemu baba wa mzee, akipiga sehemu ya kwanza mara tatu.

"Babu, amekosea. Vitabuni ni mara mbili," Nsimire akasema.

"Hakukosea. Alikuwa anamsubiri mama yangu afunge kamba za viatu, aingie kucheza." Mzee akamtazama Nsimire. "Utaipiga hivyo hata nikiwa sipo?"

Nsimire akaipiga mara tatu. Nami nikavua viatu vyangu.