Wasomaji Kumi na Wawili wa Kachero Sindano

Karani wa masjala alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, hana mke, hana mtoto, na uvunguni mwa kitanda chake yalikaa masanduku matatu ya vitabu ambayo dada yake aliyaita "wake zako watatu". Dada mtu alikuwa na ulimi wa upanga. Kila akija kumtembelea huinama, huchungulia, husonya, kisha huuliza kama hawajazaa bado.

Masanduku mawili yalikuwa ya riwaya za upelelezi, zile ambazo mtu anauawa ukurasa wa tatu na muuaji anajulikana ukurasa wa mwisho. Hizo alizipenda, lakini aliweza kumwazima mtu. Sanduku la tatu halikuguswa. Humo mlikuwa na Kachero Sindano, toleo la kwanza hadi la arobaini na nne, hadithi ya picha iliyokuwa ikitoka kila mwezi enzi za ujana wake. Sindano alikuwa mpelelezi mwembamba kiasi cha kupita katikati ya nondo za dirisha, mwoga wa mbwa, asiyejua kufunga kamba za viatu. Katika toleo la arobaini na nne aliachwa ananing'inia kwa mkono mmoja kwenye tangi la maji, ghorofa tano kutoka chini, na mbwa wawili wanamngojea. Baada ya hapo hakikutoka kitu. Ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili, na mwanamume mzima, anayetembea na funguo za mafaili ya idara nzima kiunoni, alikuwa bado akijiuliza yule mtu atashukaje.

Kazini hakumwambia mtu. Zamani aliwahi kumwambia dereva wa ofisi, na kwa mwaka mzima akaitwa Sindano kwenye korido. Tangu hapo akafyata ulimi. Kazi ya masjala nayo ilimfaa mtu wa namna hiyo: faili linaombwa kupitia kidirisha, linatolewa kupitia kidirisha, na unaweza kumaliza siku umeona mikono ya watu tu, sura hujaziona.

Siri kubwa zaidi haikuwa masanduku. Ilikuwa barua.

Toleo la kumi lilipotoka, ukurasa wa wasomaji ulikuwa mtupu. Mchoraji aliandika katikati yake, kwa mkono wake mwenyewe: "Mbona kimya? Kuna mtu huko?" Karani alishtuka. Alijua kitu kisichosomwa hakidumu. Kuandika kwa jina lake aliona haya. Mtu ana ajira yake, ana tai yake, amwandikie mchora katuni? Lakini riwaya zake zilikuwa zimemfundisha jinsi matapeli wanavyobadili mwandiko. Akaandika barua ya kwanza kwa mkono wa kushoto, kwa wino wa zambarau, akajiita mkunga wa zahanati moja pembezoni mwa mji. Mwezi uliofuata akamleta fundi baiskeli, herufi kubwa kwa penseli. Kisha mwalimu mstaafu asiyeridhika na lolote, msichana wa sekondari, mlinzi wa ghala, mpaka wakatimia kumi na wawili. Kila mmoja alikuwa na kalamu yake na bahasha zake, na karani alizunguka mji kwa miguu ili barua zisitumbukizwe katika sanduku moja la posta. Usimcheke. Wako watu waliotia bidii kwenye mambo ya kipuuzi kuliko hilo, na bado tunawaita waheshimiwa.

Sasa, Jumamosi moja mchana, akitoka kununua viazi, alipita mbele ya duka la kinyozi mpya. Ukutani palikuwa pamechorwa mteja ameketi kitini na kitambaa shingoni, picha kama zilivyo picha za vinyozi wote. Karani alipita hatua tatu, akasimama, akarudi. Kamba ya kiatu cha kushoto cha yule mteja ilikuwa imefunguka, imelala sakafuni kwa mikunjo miwili, ncha yake imeinuka kidogo. Kamba ile aliijua. Alikuwa ameitazama kwa miaka karibu minne, mwezi hata mwezi. Mfuko ukamponyoka na viazi vikatawanyika barabarani.

Kinyozi alimsaidia kuviokota, akamwambia mchoraji yuko nyuma, anamalizia ukuta wa pili. Karani alipiga moyo konde, akazunguka. Alimkuta mzee juu ya ngazi, ana rangi mpaka kwenye nyusi. Akamwamkia, kisha akamuuliza moja kwa moja kama ndiye aliyemchora Kachero Sindano.

Mzee alishuka taratibu, akafuta mikono kwenye suruali. Alisema jina hilo ana miaka hajalisikia kinywani mwa mtu. Waliketi juu ya ndoo za rangi zilizopinduliwa, na karani akatoa swali lake la miaka ishirini na miwili: anashukaje?

"Sijui," mzee alisema. "Mimi nilikuwa nangoja kuambiwa."

Akaeleza. Mwenye mtambo wa kuchapa hakuwa na neno, angeendelea. Lakini yeye mchoraji alikuwa akiishi peke yake chumba kimoja, mke ameshaondoka, na watu aliokuwa akizungumza nao ni wasomaji wake. Aliwataja mmoja mmoja kwa vidole na tabia zao: mwalimu mkorofi, fundi baiskeli wa kusifu kila kitu, mlinzi aliyetaka mbwa wapewe haki yao. Alipofika kwa mkunga, sauti ilishuka. Huyo, alisema, ndiye aliyekuwa akimwongoza. Sindano akikwama, mkunga huandika: mpitishe jikoni, mwache alie kidogo. Na kila barua aliimaliza kwa kumuuliza mchoraji kama amekula.

"Halafu kimya," akasema. "Wote. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama walioambiana. Mpaka leo sijui niliwakosea nini."

Karani aliinamia mfuko wake wa viazi. Miezi ile aliikumbuka vizuri kuliko alivyopenda. Mama yake alikuwa hoi kitandani, na yeye ndiye aliyekuwa akimlisha, akimgeuza, akimfulia. Baada ya maziko hakuwa na nguvu ya kushika kalamu hata moja kati ya zile kumi na mbili. Nguvu ziliporudi, Sindano alikuwa hatoki tena, na tangu siku ile alikuwa akiwalaani watu wa mtambo.

Angeweza kunyamaza, na mzee angebaki na lile jeraha. Akisema, angemponya na kumnyang'anya watu wake wote kwa mkupuo mmoja. Aliona uchungu pande zote mbili. Lakini kumwacha mtu azeeke akijilaumu kwa kosa lisilo lake, hilo halikumpita kooni.

"Hukuwakosea, mzee. Walikuwa mtu mmoja. Mama yake alikuwa anaumwa."

Mzee aliokota kijiti cha kukorogea rangi, akakoroga kopo lililokuwa tupu. Kisha akauliza bila kumtazama.

"Hata mkunga?"

"Hata mkunga."

Ndani, kinyozi aliwasha mashine, akaizima. Karani alianza kujieleza, habari za wino wa zambarau na mkono wa kushoto, na mzee akainua kiganja kumnyamazisha.

"Ungeniachia huyo," akasema. "Wale wengine ungewachukua. Huyo ungeniachia."

Karani aliomba radhi. Kisha akajikaza, akasema haraka haraka kwamba haishi mbali, ni ghorofa ya pili tu, yuko peke yake, matoleo yote anayo na hayana hata ukurasa uliokunjika. Mzee akipenda, aje Jumamosi moja wayafungue pamoja.

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza: kipara, miwani, mfuko wa viazi vyenye vumbi. Alimtafuta humo mtu anayemfahamu, hakumpata. Akamshukuru, ila akasema magoti yake siku hizi hayawezi kupanda ngazi. Alisema hivyo huku mguu mmoja ameshaurudisha kwenye ngazi yake. Alipofika juu akageuka.

"Sindano hawezi kukaa pale milele. Niletee barua hapa kwa kinyozi, useme anashukaje. Nitamchora." Akasita kidogo. "Lakini aandike mkunga."

Njiani karani alinunua kalamu ya wino wa zambarau. Nyumbani aliketi mezani akaanza kwa mkono wa kulia: "Mpendwa mchoraji, mimi ni karani wa masjala." Aliisoma, akaikunja, akaitupa. Kisha akahamishia kalamu kushoto. Mkono ule haukuwa umesahau kitu. "Mpendwa mchoraji," uliandika, kwa mwandiko wa mama asiye na haraka, "nisamehe kwa kimya kirefu. Je, umekula?" Mfuko wa viazi ulikuwa bado pale mlangoni, haujafunguliwa.