Mikono ya Mgonjwa

Jumanne, kwenye duka moja la dawa hapa Eldoret, mama mmoja kutoka Moiben aliomba vidonge vya kutuliza mtetemeko ambao mwanawe, aliyesimama kando yake, huletewa na dawa zake za akili. Karatasi ya daktari ilikuwa ya mwezi uliopita.

“Siwezi, Mama,” muuzaji alisema. “Vijana wanameza hizo kulewa. Wanakuja hapa wakitetemeka hivyo hivyo.”

“Huyu haigizi. Njoo nyumbani uulize ng'ombe. Tangu mikono ianze hivi, akijaribu kukamua anapigwa teke.”

Muuzaji hakucheka. Alimrudishia karatasi yake.

Walevi wamejua kutetemeka mpaka mgonjwa ndiye anayeonekana mwongo. Mwana wa yule mama, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa ameficha mikono kwapani, kama aliyeshikwa na mali ya wizi.